Asaimenti Zinazochelewa: Mwongozo kwa Mhadhiri Mwenye Darasa Kubwa

Wiki ya tarehe ya mwisho ikifika, foleni hujipanga yenyewe mlangoni. Mmoja aliumwa, mwingine kompyuta mpakato imezima, wa tatu anaapa kwamba alimkabidhi CR (mwakilishi wa darasa), na CR naye anasema hajaona karatasi yoyote. Mwongozo huu ni wa mhadhiri, mkufunzi au mhadhiri msaidizi wa chuo cha kawaida hapa Tanzania mwenye wanafunzi mia mbili hadi mia nne kwenye kozi moja, anayepokea kazi kwa Moodle (mfumo wa masomo wa mtandaoni) au kwa karatasi, na ambaye usahihishaji wote unamwangukia yeye. Ukiwa Kenya utabadilisha mambo machache: huko wanazungumzia CAT (tesiti za katikati ya muhula), na uwiano wa kozi weki, yaani alama za asaimenti na tesiti za muhula, na mtihani wa mwisho mara nyingi ni 30 kwa 70, wakati kwetu umezoeleka 40 kwa 60.

Ninachokisimamia ni kimoja: huruma ya mwalimu iandikwe kabla haijaombwa. Ukisubiri mwanafunzi asimame mbele yako ndipo uamue, atakayefaidika ni anayejua kujieleza. Yule mwenye shida kubwa zaidi, anayeona haya hata kubisha hodi, ataondoka na sifuri na wewe hutajua kwamba alikuwepo.

Hatua ya 1: Jua mipaka yako

Fungua kanuni za mitihani za chuo chako uangalie mambo matatu. Nani mwenye mamlaka ya kumruhusu mwanafunzi afanye kazi au tesiti nje ya muda? Kozi weki inatakiwa ifike alama ngapi ndipo aruhusiwe kuingia mtihani wa mwisho? Idara inataka alama tarehe gani? Vyuo havifanani. Kwingine mhadhiri ni mfalme juu ya asaimenti lakini tesiti haimhusu peke yake. Kwingine kila kitu kinapita kwa mkuu wa idara.

Kama kozi mnaifundisha wawili au watatu, kubalianeni sasa hivi. Mkondo mmoja ukikatwa alama na mwingine ukasamehewa kwa kosa lilelile, habari itafika hosteli kabla ninyi hamjafika nyumbani.

Hatua ya 2: Jiulize tarehe hiyo inalinda nini

Wengi tunaipita hatua hii, na ndiyo inayoamua zilizobaki.

Chukua maswali ya takwimu ambayo majibu yake utayapitia kwenye semina ya Alhamisi. Hapo tarehe inalinda majibu. Semina ikiisha, ubao umeshapigwa picha na picha ziko kwenye magrupu ya WhatsApp. Ukipokea kazi baada ya hapo unasahihisha maneno yako mwenyewe. Kwa kazi ya namna hii mlango ufungwe dakika semina inapoanza, na mwenye dharura ya kweli apewe swali lingine, asiongezewe siku kwa swali lilelile.

Insha ya kurasa nane ni habari nyingine. Kila mtu anaandika yake, na tarehe inalinda ratiba yako ya kusahihisha tu. Ikija siku mbili baadaye, hakuna aliyedhulumiwa, hasa ukizingatia kwamba rundo lenyewe hutaligusa hadi Jumamosi. Nimeona wahadhiri wakimkatalia mwanafunzi insha iliyochelewa saa moja, kisha marundo yakakaa kabatini mwezi mzima. Wanafunzi wanaona.

Rasimu ya kwanza ya utafiti nayo inamlinda mwanafunzi mwenyewe. Akichelewa, anakosa maoni yako kabla ya rasimu ya pili, na hiyo tayari ni adhabu. Usiikate alama, mwambie tu kwamba rasimu itakayokuja baada ya tarehe fulani haitapata maoni.

Ukishajua tarehe inalinda nini, andika tarehe mbili kwenye kila kazi: ya mwisho, na ya kufunga mlango. Kati ya hizo mbili kazi inapokelewa na kukatwa alama. Baada ya ile ya pili haipokelewi. Tarehe ya kufunga iwe kabla hujarudisha karatasi ya kwanza iliyosahihishwa. Moodle ina nafasi ya tarehe zote mbili. Ukijaza ya mwisho peke yake, mfumo utaendelea kupokea kazi hata wiki ya mtihani, ukionyesha tu kwamba zimechelewa, na mwanafunzi atakuambia kwa haki kabisa, "Lakini mwalimu, mfumo ulipokea."

Hatua ya 3: Panga saa isiyo na ubishi

"Usiku wa Ijumaa saa sita" ni mtego. Kuna wanafunzi, hasa wa pwani na visiwani, ambao kwao usiku wa Ijumaa ni ule wa kuamkia Ijumaa. Mwenzao kutoka bara anaelewa usiku unaofuata mchana wa Ijumaa. Wote wawili wako sahihi, na wamepishana saa 24. Mfumo nao unaandika 11:59 PM, na kuna atakayesoma saa kumi na moja na dakika hamsini na tisa.

Mimi napendelea saa 4 asubuhi ya siku ya kazi, na naiandika hivi: "Jumatano, saa 4:00 asubuhi (10:00)". Wenye bando la usiku, ambalo ni rahisi kuliko la mchana, wanapandisha kazi zao usiku. Wanaochapisha kwa karatasi wanakuta steshenari imefunguliwa asubuhi. Na mfumo ukigoma, mtu wa TEHAMA yuko ofisini, si nyumbani amelala.

Kagua pia saa ya mfumo. Seva iliyoachwa kwenye UTC (saa rasmi ya kimataifa) iko nyuma ya saa za Afrika Mashariki kwa saa tatu. Ukifunga 23:59, kwa wanafunzi wako inafungwa saa 8:59 usiku. Tumia akaunti ya majaribio ya mwanafunzi uone anachokiona yeye.

Kabla hujatangaza, mpigie CR umuulize darasa lina nini wiki hiyo. Kozi tano zikidai kazi Jumatano moja, nusu ya wachelewaji umewatengeneza wewe na wenzako.

Hatua ya 4: Weka kiasi cha kukata, ukihesabu kwa kalamu

Tuseme asaimenti ina alama 15 kati ya 40 za kozi weki, na unakata asilimia 10 kwa siku. Asilimia 10 ya nini? Hapa ndipo watu wanapoumizwa bila mtu kukusudia.

Ukikata kwenye uzito wa kazi, kila siku ni alama 1.5. Mwanafunzi aliyepata 12 akachelewa siku mbili anabaki na 9. Aliyepata 6 akachelewa siku hizohizo anabaki na 3. Nusu ya jasho lake imekwenda. Ukikata kwenye alama alizopata, wa kwanza anabaki na 9.6 na wa pili 4.8, kila mmoja kapoteza sehemu ileile ya alichokipata. Mimi natumia njia hii ya pili, na hesabu yake kwenye Excel ni nyepesi: alama zidisha kwa (1 − 0.1 × siku). Vyovyote utakavyochagua, andika kwenye silabasi ukitoa mfano wenye namba. Sentensi peke yake itasomwa kwa namna tatu.

Siku tano zinatosha. Baada ya hapo ni sifuri, na ni vizuri ujue sifuri hiyo ina uzito gani. Mwenye sifuri kwenye kazi ya alama 15 amebakiwa na alama 25 za kutafuta. Kama chuo chako kinadai walau 16 kati ya 40 ndipo mtu akae kwenye mtihani wa mwisho, inabidi apate asilimia 64 ya zilizobaki. Wapo watakaoweza. Wengine umewapeleka kurudia kozi nzima kwa sababu ya kazi moja. Huenda wanastahili, lakini uamuzi huo uufanye ukiwa umeuona.

Kwa zile kazi ndogo za alama mbili au tatu, adhabu ya siku haina maana. Robo ya alama haimtishi mtu na wewe utapoteza muda kuihesabu. Toa sita, hesabu tano bora, kisha usipokee iliyochelewa hata moja. Anayekosa moja kwa sababu yoyote hajapoteza kitu.

Unaposahihisha, andika namba mbili: alama ya kazi na alama baada ya makato. Mwanafunzi ajue kwamba insha yake ilikuwa nzuri na saa yake ndiyo mbaya.

Hatua ya 5: Gawa siku za akiba

Kila mwanafunzi apewe siku tatu za akiba kwa muhula. Anazitumia atakavyo: zote kwenye kazi moja, au moja moja. Haombi, haelezi sababu, haji ofisini. Anaandika tu juu ya kazi, chini ya namba ya usajili, "Akiba: siku 1". Walimu wa kozi za kompyuta kwenye vyuo vingi vya Marekani wanautumia utaratibu huu, na kwa darasa kubwa la kwetu naona unafaa hata zaidi, kwa sababu unafuta foleni ya mlangoni.

Fikiria visa unavyosikia kila muhula. Umeme ulikatika. Flashi ilikula faili. Bumu (fedha za kujikimu za mkopo) halijaingia, hana hela ya kuchapisha kurasa kumi na mbili. Kila kimoja kinaweza kuwa kweli, na huna namna ya kukithibitisha. Siku za akiba zinakuondolea kazi ya upelelezi. Mwongo atazitumia, ndiyo. Atazimaliza kazi ya kwanza na ya pili ataleta kwa wakati au atakatwa.

Masharti yawe machache: haziazimishwi kwa rafiki, hazitumiki kwenye tesiti wala uwasilishaji wa darasani, na hazivuki tarehe ya kufunga mlango. Weka safu moja kwenye jedwali lako la alama ionyeshe kila mtu amebakiwa na siku ngapi, kisha libandike kila baada ya kazi kwa namba za usajili bila majina.

(Fedha za kujikimu za bodi ya mikopo zikichelewa kwa darasa zima, usiwaache wazimalize siku zao kwa kosa lisilo lao. Tangaza kwamba kazi hiyo inapokelewa kwa nakala tepe (faili, bila kuchapisha) tu.)

Hatua ya 6: Tenga dharura na uzembe

Yanayozidi siku tatu ndiyo dharura: kulazwa, kujifungua, msiba, ajali, kuitwa mahakamani. Kwa haya usitumie akiba wala makato. Toa tarehe mpya, kwa maandishi.

Kwa ugonjwa, ED (cheti cha daktari cha mapumziko) ya zahanati ya chuo au hospitali inatosha. Usidai kujua anaumwa nini. Kwa msiba, mimi sidai karatasi. Kuna wahadhiri wanaocheka kwamba bibi wa fulani amekufa mara tatu. Kwa ukoo wa kwetu mtu ana bibi mzaa baba, bibi mzaa mama, dada zao wote, na yule jirani aliyemlea akiwa mdogo, na kila mmoja wao akifariki atapanda basi kwenda kuzika. Kutoka Dar es Salaam hadi Bukoba ni zaidi ya kilomita elfu moja mia tatu kwa barabara. Kwenda na kurudi peke yake kumemla siku mbili au tatu. Ujumbe kutoka ofisi ya mlezi wa wanafunzi, au neno la CR, unanitosha. Wachache watanidanganya kuhusu msiba. Afadhali hao kuliko kumwambia aliyefiwa kweli alete kibali cha mazishi.

Usiweke sharti la kutoa taarifa "kabla ya tarehe ya mwisho". Aliyelazwa hana simu mkononi. Weka siku saba baada ya kurejea chuoni.

Kama tarehe ya kufunga imeshapita na majibu yametolewa, njia ni mbili: swali mbadala, au tesiti ibebe uzito wa asaimenti iliyokosekana. Hii ya pili ni rahisi kwako, lakini hakikisha kanuni zinairuhusu na mkuu wa idara amesaini.

Hatua ya 7: Funga mianya ya kupokea

Karatasi zinazosukumwa chini ya mlango hazina tarehe. Kazi zipokelewe mahali pamoja, na daftari lenye namba ya usajili, tarehe, saa na saini ya aliyeleta. CR akikusanya kwa niaba ya darasa, naye asainishe watu wake. Daftari hilo ndilo litakalomwokoa siku ya ubishi.

WhatsApp isiwe mahali pa kukabidhi kazi. Faili linapotea katikati ya salamu na stika, na simu ikiibwa umepoteza kozi weki ya watu.

Faili lisilofunguka lihesabiwe kuwa halijafika. Wapo wanaopandisha faili bovu makusudi ili wapate siku mbili za bure kabla hujaligundua. Dawa yake ni kuyafungua yote siku ileile, hata bila kuyasoma, na kuwaandikia wenye tatizo. Kisha waelekeze wanafunzi wahifadhi kwa PDF, wapandishe, halafu wapakue tena na kulifungua kwenye simu. Dakika moja hiyo.

Hatua ya 8: Jibu kwa maandishi, kwa maneno yaleyale

Ujumbe utakuja hivi: "Shikamoo Dokta. Samahani kwa usumbufu. Mimi ni mwanafunzi wako wa mwaka wa pili, naomba nikabidhi asaimenti kesho, nina changamoto."

Usiulize changamoto gani. Jibu: "Marahaba. Una siku tatu za akiba. Andika 'Akiba: siku 1' juu ya kazi ukabidhi kesho kabla ya saa 4 asubuhi. Kama tatizo linazidi siku tatu, pita kwa mlezi wa wanafunzi, nitapata taarifa kutoka huko."

Na kwa aliyechelewa baada ya mlango kufungwa: "Marahaba. Kazi hii ilifungwa Jumatatu na majibu yameshatolewa, kwa hiyo siwezi kuipokea. Kama ulikuwa na dharura, leta taarifa ndani ya siku saba tangu urejee chuoni tuangalie swali mbadala." Jibu liwe lilelile kwa mtoto wa mkuu wa kitivo na kwa yule usiyemjua.

Hakuna mazungumzo ya faragha juu ya alama. Anayekuja ofisini, mlango ubaki wazi, na mkikubaliana jambo litumwe kwa barua pepe ya chuo siku hiyohiyo. Sababu tunaijua wote, ingawa kwenye vikao hatuitaji. Ruhusa inayotolewa na mtu mmoja kwa hisani yake, ndani ya ofisi iliyofungwa, ndiyo rushwa ya ngono inapopata pa kuingilia. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007 imeifanya kosa la jinai katika kifungu cha 25. Sera iliyoandikwa inamlinda binti asiwe na cha kuombea, na inamlinda mwalimu mwadilifu dhidi ya maneno.

Hatua ya 9: Jiandae kwa siku ambayo kila mtu atachelewa

Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika kwa wakati mmoja, na intaneti ikazorota Tanzania, Kenya, Uganda na kwingineko katika kanda. Mhadhiri aliyekuwa na kazi ya kufunga wiki hiyo hakuwa na haja ya kusikiliza mtu mmoja mmoja. Likitokea la namna hiyo, au mgao wa umeme ukibana, ongeza muda kwa darasa zima, saa 24 au 48, na utangaze kabla hawajaomba. Tangazo lipite kwa SMS kwenda kwa CR na karatasi ibandikwe kwenye ubao wa idara, maana mtandao unaotaka kuutumia ndio huo umekufa.

Waliokwisha kukabidhi waruhusiwe kubadilisha kazi zao katika muda huohuo wa nyongeza. Wakinyimwa, umewaadhibu kwa kuwahi.

Hatua ya 10: Kazi za kundi na wiki za mwisho

Kundi la watu kumi likichelewa, makato yanawapata wote, isipokuwa waonyeshe kwa maandishi nani alikabidhi sehemu yake lini. Waambie mapema watunze ushahidi huo, na usitumie siku za akiba kwenye kazi za kundi. Kuzigawa kwa watu kumi ni vurugu tupu.

Wiki mbili kabla ya mtihani wa mwisho, bandika kozi weki yote kwa namba za usajili: alama ya kazi, siku za kuchelewa, makato, jumla. Toa siku tano za malalamiko, yaletwe kwa maandishi pamoja na nakala au ukurasa wa daftari la kupokelea. Siku ya sita peleka alama idarani, na ubaki na nakala yako iliyosainiwa na aliyezipokea.